Moto Mdogo Uendeshao Motokaa

Hapa Bukavu motokaa si kitu cha ajabu tena. Watoto wa Kadutu na Bagira huzitambua kwa mlio kabla hawajaziona, na huko Ibanda kuna mtaa mzima uitwao Essence, jina la petroli yenyewe. Lakini ukiwauliza watu kumi, "Petroli huwashwa na nini ndani ya injini?" wengi watanyamaza, na mmoja atajibu, "Na ufunguo." Sivyo. Ufunguo hauwashi moto; hufungua njia tu. Kiwashacho moto ni cheche ndogo sana, ambayo haidumu hata sehemu ya kumi ya muda wa kupepesa jicho. Cheche hiyo imewatoa mafundi jasho kwa zaidi ya miaka 160.

Leo tutasimulia habari zake: ilianzaje, ilifikaje katika nchi zetu za maziwa, inafanyaje kazi, na inatunzwaje. Si habari za mafundi peke yao. Mwenye motokaa asiyejua kazi ya viungo vyake hununua vyuma vipya kwa kubahatisha, akitupa vile ambavyo havikuwa na ugonjwa. Na gari lililombeba mgonjwa likizimika usiku wa mvua katika mteremko wa Ngomo, katika njia ya Uvira, ujuzi wa cheche huwa na thamani kuliko fedha zilizo mfukoni.

SHIDA YA KWANZA: KUWASHA MOTO NDANI YA CHUMA KILICHOFUNGWA

Injini ya petroli ni nyumba ya chuma yenye vyumba vya mviringo viitwavyo silinda. Ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Kazi yake ina hatua nne. Kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Pili hupanda na kuibana hewa hiyo. Tatu moto huwaka, hewa hutanuka kwa nguvu na kuisukuma pistoni chini. Nne pistoni hupanda tena na kutoa moshi. Katika hatua hizo nne ni moja tu inayoleta nguvu, yaani ile ya moto. Moto usipowaka, zile tatu nyingine ni kazi ya bure.

Sasa fikiri: utawashaje moto ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa pande zote, mara mia nyingi kwa dakika, na kila mara kwa wakati wake? Mtu wa kwanza kupata jibu lenye manufaa alikuwa Bwana Étienne Lenoir. Alizaliwa mwaka 1822 huko Mussy-la-Ville, mahali ambapo leo ni Ubelgiji, naye alifanya kazi yake Paris. Mwaka 1860 alipewa hati ya uvumbuzi wa injini iliyotumia gesi, na moto wake uliwashwa kwa cheche ya umeme. Umeme ulitoka katika betri, ukaongezwa nguvu na bobini. Siri ya bobini ilikuwa imekwisha kujulikana tangu mwaka 1831, Mwingereza Michael Faraday alipoonyesha kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya huzaa umeme ndani ya waya ule.

Lakini betri za siku zile zilikuwa dhaifu, na cheche haikuaminika. Basi watu wakarudi nyuma kidogo. Mjerumani Nikolaus Otto, aliyetengeneza injini ya hatua nne mwaka 1876, alitumia mwali wa moto ulioingizwa kupitia kijimlango cha kuteleza. Mwenzake Gottlieb Daimler alitumia kijibomba kilichopashwa moto kwa nje mpaka kikawa chekundu. Hewa iliyobanwa ilipokigusa kwa ndani, ikawaka. Njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Taa yenye moto karibu na petroli ni hatari. Tena kijibomba hakisikii amri: hakuna mtu awezaye kukiambia, "Washa sasa, usiwashe bado."

Bwana Karl Benz alikataa njia hiyo. Motokaa yake ya magurudumu matatu, aliyoiombea hati tarehe 29 Januari 1886, iliwashwa kwa umeme wa betri na bobini. Yeye aliona kwamba kuwasha moto ndiyo shida kubwa kupita zote. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bibi Bertha Benz, aliiendesha motokaa ya namna hiyo kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100, akiwa na wanawe wawili. Inasimuliwa kwamba njiani waya mmoja wa cheche ulichubuka, naye akaufunga kwa ukanda wa soksi yake, safari ikaendelea. Basi tengenezo mojawapo la kwanza la cheche barabarani lilifanywa na mama, bila fundi na bila duka la vyuma.

MANYETO: UMEME BILA BETRI

Mwaka uleule wa 1886, mwezi wa Novemba, kijana Robert Bosch alifungua karakana ndogo mjini Stuttgart. Mwaka uliofuata alitengeneza manyeto kwa ajili ya injini iliyosimama mahali pamoja. Manyeto ni nini? Ni sumaku na waya uliozungushwa juu ya chuma. Injini inapozunguka, sumaku na waya hupishana, na umeme huzaliwa palepale. Hakuna betri ya kuisha njiani. Injini yenyewe hujipatia umeme wake, kama mtu abebaye chakula chake safarini.

Mwaka 1897 karakana ya Bosch iliweka manyeto katika motokaa ndogo ya magurudumu matatu ya De Dion-Bouton. Mwaka 1902 fundi wake, Gottlob Honold, alitengeneza manyeto ya umeme wenye nguvu nyingi, ikifanya kazi pamoja na bujii. Bujii ndiyo ile ambayo ndugu zetu wa pwani huiita plagi: kijiti cha chuma kilichovikwa udongo mweupe mgumu usiopitisha umeme, na katika ncha yake kuna pengo dogo. Umeme huruka pengo hilo, na kuruka huko ndiko cheche.

Manyeto zilienea upesi, na ulimwengu ukajikuta ukitegemea mji mmoja. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, Waingereza waligundua kwamba karibu manyeto zao zote zilikuwa zikitoka Stuttgart, katika nchi waliyokuwa wakipigana nayo. Motokaa na ndege zao zingesimama kwa kukosa kitu kinachochukuliwa kwa mikono miwili. Iliwabidi wajifunze kuzitengeneza wenyewe kwa haraka. Mdharau mwiba mguu huota tende.

CHECHE YAFIKA KATIKA MAZIWA YETU

Katika miaka hiyo cheche ilikuwa imekwisha kuingia Afrika yetu. Tarehe 10 Agosti 1907 afisa Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa iliyotengenezwa Gaggenau, akikusudia kulivuka bara zima. Alifika Swakopmund, pwani ya bahari ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Motokaa za leo huruka mbali kuliko hapo kwa siku chache. Yeye alitumia karibu miezi ishirini na moja. Barabara hazikuwapo, wala vituo vya petroli, wala garaji.

Mwaka 1915 injini za petroli zilikuja karibu nasi zaidi. Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Cape Town. Kutoka huko zilipanda kaskazini kwa gari la moshi, zikavutwa milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikapita mto Lualaba, na mwisho zikashushwa majini katika Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, mwezi wa Desemba. Kila moja iliendeshwa na injini mbili za petroli. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani iitwayo Kingani. Meli ile ilikwenda kwa mvuke, nayo ilihitaji muda mrefu wa kuchochea moto wa kuni kabla ya kuondoka. Mashua za petroli ziliwashwa kwa cheche, zikaenda.

Miaka tisa baadaye, mwezi wa Oktoba 1924, msafara wa motokaa nane za Citroën ulitoka Colomb-Béchar, katika Algeria. Uliongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Uliivuka Sahara, ukapita kaskazini mwa Kongo, ukafika Kampala. Kutoka hapo ukagawanyika makundi manne, yakakutana tena Madagaska mwaka 1925. Tangu siku hizo hakuna aliyeuliza tena kama motokaa itaweza kufika katikati ya Afrika. Swali jipya likawa: ikisha kufika, nani ataitunza?

KUTOKA MANIVELA MPAKA DELKO

Wazee wanakumbuka manivela, ule mpini wa chuma uliochomekwa mbele ya injini na kuzungushwa kwa mkono. Kazi hiyo ilikuwa na hatari yake. Cheche ikiwahi mno, pistoni husukumwa chini kabla haijamaliza kupanda. Injini hurudi kinyume ghafula, na manivela humpiga mzungushaji. Wengi walivunjika mkono hivyo. Kwa sababu hiyo motokaa za zamani zilikuwa na kijiti karibu na usukani: dereva alikivuta ili kuichelewesha cheche kabla ya kuzungusha, kisha injini ikisha kuwaka alikirudisha. Na mwalimu mwema wa udereva alimfundisha mwanafunzi kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, asiizingire manivela kwa mkono mzima, tena aivute kwenda juu, asiisukume kwenda chini.

Dawa ya mateso hayo ilitoka Marekani. Bwana Charles Kettering na wenzake walianzisha katika mji wa Dayton, mwaka 1909, kampuni ambayo jina lake lilifupishwa kuwa Delco. Kettering alitengeneza njia mpya ya kuwasha kwa betri, nayo iliwekwa katika motokaa za Cadillac za mwaka 1910. Mwaka 1912 Cadillac ikaja pia na starta yake ya umeme, na manivela ikaanza kusahauliwa.

Hapa tuangalie jambo la kupendeza. Katika nchi zisemazo Kifaransa, jina la kampuni ile ya Dayton likawa jina la chombo. Mafundi wetu wakisema "delko," hawafikirii mji wala kampuni. Wanafikiri kile kichungu cheusi chenye nyaya tano zinazotoka juu yake kama miguu ya buibui. Hivyo kila siku katika garaji za Bukavu, bila kujua, watu hutaja habari za mwaka 1909.

DELKO HUFANYAJE KAZI?

Sikilizeni kwa utaratibu, kwa maana hapa ndipo penye ufunguo wa mambo yote.

Betri hutoa umeme wa volti 12, na katika motokaa za zamani sana volti 6. Umeme huo hauwezi kuruka hata pengo la unene wa ukucha. Bujii inahitaji volti elfu nyingi, yaani 15,000, 20,000 na zaidi. Kazi ya kuuongeza ni ya bobini. Ndani ya bobini kuna nondo ya chuma iliyozungushiwa nyaya mbili: mmoja mnene wa mizunguko mia kadhaa, na mwingine mwembamba kama unywele, wa mizunguko elfu nyingi. Umeme wa betri ukipita katika waya mnene, chuma huwa sumaku. Umeme ukikatwa ghafula, sumaku huanguka, na kuanguka kwake huzaa katika waya mwembamba umeme mkali sana.

Nani hukata umeme huo? Ni platini, vijinyundo viwili vidogo ndani ya delko ambavyo hugusana na kuachana kila mara. Vinapoachana, umeme hukatwa na cheche huzaliwa. Pembeni yake pana kondensa, kopo dogo linalomeza umeme unaotaka kuruka kati ya platini. Bila kondensa platini huungua upesi na cheche ya bujii huwa dhaifu. Mwisho, kidole kinachozunguka chini ya kifuniko cha delko huupokea umeme mkali kutoka bobini na kuugawa: sasa silinda ya kwanza, sasa ya tatu, sasa ya nne, sasa ya pili. Mpangilio huo wa 1-3-4-2 ndio wa injini nyingi za silinda nne, ingawa si wa zote. Ukichanganya nyaya, injini itapiga chafya na kukataa.

Tufanye hesabu kidogo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huhitaji cheche 1,500 kwa dakika, na zote pamoja 6,000. Ndizo cheche 100 kwa kila sekunde moja. Platini huachana na kugusana mara zote hizo. Je, ni ajabu zikichakaa?

WAKATI WA CHECHE

Haitoshi cheche kuwaka. Sharti iwake kwa wakati. Moto ndani ya silinda hauenei mara moja, huhitaji nafasi ya kusambaa. Kwa hiyo cheche hutangulia kidogo, kabla pistoni haijafika juu kabisa. Injini ikienda polepole, hutangulia kidogo. Ikienda mbio, hutangulia zaidi, maana pistoni haingoji. Katika delko kuna vizito viwili vyenye springi vinavyotanuka kwa mwendo na kuisogeza cheche mbele. Vilichukua kazi ya kile kijiti cha karibu na usukani.

Cheche ikiwahi mno, injini hugonga kama mtu apigaye chuma kwa nyundo, hasa ikipanda mlima. Pistoni inaweza kutoboka. Ikichelewa mno, injini hupata joto, hukosa nguvu, na hunywa petroli kama mchanga unywavyo maji. Wengi hulaumu petroli, au hulaumu umri wa motokaa, kumbe delko imelegea skrubu moja na kuhama kidogo mahali pake.

MAFUNDI WASIOONEKANA

Tangu miaka ya 1960 watu walianza kuiondolea platini mzigo wake kwa kutumia transista. Mwaka 1973 kampuni ya Chrysler iliweka njia ya kielektroniki katika motokaa zake zote za Marekani. Mwaka 1979 Bosch ilileta katika BMW chombo kiitwacho Motronic, ambacho kompyuta moja ndogo iliamua kipimo cha petroli na wakati wa cheche pamoja. Baadaye hata delko yenyewe iliondoka. Katika motokaa nyingi za sasa, zile zinazotoka Ujapani zikiwa zimekwisha kutumika na kutufikia kwa njia ya Mombasa au Dar es Salaam, kila bujii ina bobini yake juu ya kichwa. Sensa huangalia mzunguko wa injini, na kompyuta huamuru.

Lakini msidhani ya zamani yamekufa. Ile jenereta ndogo ya petroli inayonguruma mlangoni pa duka umeme unapokatika, ambayo huwashwa kwa kuvuta kamba, huwashwa kwa sumaku iliyo katika gurudumu lake. Ni manyeto, mjukuu wa ile ya Stuttgart. Ndege ndogo za pistoni nazo hubeba manyeto mbili, na kila silinda ina bujii mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee kuwasha.

Tusisahau pia kwamba malori na motokaa nyingi za mazutu hazina cheche kabisa. Mjerumani Rudolf Diesel alifanikiwa mwaka 1897 kuendesha injini inayobana hewa kwa nguvu mno mpaka hewa yenyewe ikawa moto wa kutosha kuwasha mafuta. Kwa hiyo fundi akikuambia kwamba lori lako la mazutu limeharibika delko, mshukuru, kisha tafuta fundi mwingine.

NAMNA YA KUTUNZA

Nchi yetu ina mambo yake. Bukavu iko juu: uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na uso wa Ziwa Tanganyika, huko Uvira, karibu mita 770. Hewa ya juu ni nyepesi. Motokaa ya kabureta iliyopimwa Uvira ikipanda Bukavu hupata petroli nyingi kuliko hewa, na bujii huvaa masizi. Zenye kompyuta hujirekebisha, mradi sensa zake ni safi. Tena mvua zetu ni nyingi, na wakati wa kiangazi vumbi ni jingi. Maji na vumbi ni maadui wa umeme mkali, kwa sababu huupa njia ya kutorokea.

Basi shikeni mambo haya.

Kwanza, betri. Vichwa vyake viwe safi na vikazwe. Ule ungaunga mweupe au wa kijani ni ugonjwa. Usuguliwe kwa brashi na kuoshwa kwa maji ya moto kidogo, betri ikiwa imefunguliwa nyaya. Usiifungue kamwe injini ikiwa inazunguka, utaua vyombo vya kielektroniki.

Pili, bujii. Zifungue injini ikiwa baridi, na puliza vumbi kwanza lisiingie ndani. Kisha zisome, maana bujii ni barua kutoka ndani ya silinda. Rangi ya kahawia nyepesi: mambo ni mema. Masizi meusi makavu: petroli ni nyingi au cheche ni dhaifu. Nyeusi yenye mafuta: oili inapita, nayo si kosa la bujii. Nyeupe iliyoungua: joto limezidi, tafuta sababu upesi. Pengo lipimwe kwa kibamba cha kupimia. Katika motokaa za platini huwa karibu milimita 0.6 mpaka 0.8, na katika za kielektroniki mara nyingi zaidi. Kitabu cha motokaa ndicho hakimu. Ukirudisha bujii, ianze kwa vidole, spana ije mwisho. Kichwa cha injini cha alumini kikiharibika nyuzi zake, gharama itakuliza.

Tatu, platini, kwa wale wenye Volkswagen za zamani, Peugeot 404 au Land Rover za kale. Pengo lake ni karibu milimita 0.4. Likaguliwe kila kilomita 5,000 hivi, na kipande kinachosuguliwa kipakwe grisi kidogo sana. Kila ukibadilisha pengo la platini, wakati wa cheche nao hubadilika, upimwe tena. Usiache ufunguo umewashwa wakati injini imezimika, maana bobini itaungua kimyakimya.

Nne, nyaya na kifuniko cha delko. Vikaushwe na kufutwa kwa kitambaa safi. Tazama ndani ya kifuniko: ufa mwembamba kama unywele, mweusi, ni njia ambayo cheche hutorokea. Usiku, injini ikizunguka, fungua boneti na utazame gizani bila kugusa: ukiona vimulimuli vya buluu juu ya nyaya, hizo zimekwisha. Na vijana wanaoosha injini kwa maji ya nguvu waonywe.

MOTO UMEPOTELEA WAPI?

Motokaa ikizimika njiani, usianze kununua. Fuata njia ya umeme kama mtu afuataye nyayo za mbuzi aliyepotea: betri, ufunguo, bobini, platini au kompyuta, delko, waya, bujii. Taa zikififia unapowasha starta, ugonjwa uko kwenye betri au vichwa vyake. Taa zikiwa kali, jaribu cheche. Katika motokaa ya platini, chukua bujii ya akiba, ichomeke kwenye waya wake, ilaze ikigusa chuma cha injini, mbali na petroli yoyote, uishike waya kwa koleo kavu lenye mpira, kisha mwenzako awashe starta. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Basi mgeukie petroli. Cheche nyekundu iliyolegea humshitaki bobini, kondensa au betri. Hakuna cheche? Rudi nyuma hatua moja, ujaribu tena. Katika motokaa za kielektroniki usiache waya wa cheche ukining'inia bila bujii, kwa maana umeme wake unaweza kukuumiza na kuunguza kompyuta. Huko, taa ya injini ikimulikamulika kwenye dashibodi, ina maana kwamba silinda moja haiwaki vema. Punguza mwendo, umwone fundi mwenye chombo cha kusomea kompyuta.

Hapo zamani kijana aliyejifunza ufundi alifundishwa na macho yake. Aliiona platini ikifunguka, aliiona cheche ikiruka, akaelewa. Leo mambo hayo yamefichwa ndani ya kisanduku, na kijana hufundishwa kubadilisha kisanduku kizima. Akikosea, mwenye motokaa hulipa. Akibadilisha kingine, mwenye motokaa hulipa tena. Kwa hiyo twawasihi mafundi wazee wenye delko za zamani katika kona za garaji zao: msiziuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zifungeni juu ya meza, zungusheni kwa mkono mbele ya vijana, mwonyeshe cheche ikizaliwa. Kijana aliyeiona mara moja ataitambua hata ikifichwa ndani ya kompyuta, kwa sababu cheche ya Lenoir na cheche ya motokaa mpya kabisa ni ndugu wa damu.

Nanyi wenye motokaa, mkienda garaji, ulizeni swali hili kabla ya kutoa fedha: "Fundi, umeme umeishia wapi?" Fundi anayejua kazi yake atawaonyesha kwa kidole.